Kifaa kinapima vizuri, lakini siku ya tatu kila mtu kakivua. Ni gundi au kuna kingine?

#1 Mlezi_wa_Data
Wakuu salama? Naenda moja kwa moja.

Mimi na mwenzangu tuna mwaka sasa tunahangaika na kasensa ka kubandika kifuani, upande wa kushoto, vidole viwili chini ya mtulinga. Ndani kuna elektrodi mbili za kunasa umeme wa moyo, aksileromita ya kujua mtu katembea, kakaa au kaanguka, na betri ya kidonge ile CR2032. Vyote vimekaa kwenye kikopo cha plastiki cha duara, kikubwa kidogo kuliko kizibo cha chupa, chini yake gundi ya pande mbili. Jumla gramu kumi na mbili. Yaani ukikishika mkononi unasema hiki nani atakisikia.

Sasa kasheshe. Mezani kinapima safi, ukikaa nacho ofisini saa mbili kinapima safi. Tukawapa ndugu na marafiki wachache wavae wiki nzima. Siku ya kwanza data ya wote inakuja. Siku ya pili mmoja kapotea. Siku ya tatu usiku mistari imenyooka kama watu wamekata roho, kumbe wazima wa afya, kifaa ndo kiko juu ya kabati kinapima mapigo ya kabati.

Ukiwauliza kila mtu ana lake. Kinawasha. Kinavuta. Kinabana. Mmoja kasema "sijui tu, nilikichoka". Mwenzangu anashikilia kwamba ni ugumu wa kikopo. Mimi nasema gundi, tukipata gundi sahihi mchezo umeisha. Nani amewahi kupita njia hii?

#2 Nipo_Nipo
Nimeona neno sensa nikajua karani anakuja kuhesabu watu na makazi, nimeshaanza kuwapanga watoto sebuleni. Nakaa hapa pembeni nisome.

#3 Mzee_wa_Saketi
Mleta uzi, mwenzako yuko sahihi na wewe umechemka.

Ngozi sio ukuta. Kwenye viungo inanyooka hata asilimia 30 na kurudi, na hapo kifuani ukiinua mkono kuchukua kitu juu ya rafu ngozi yote inasafiri kuelekea begani. Kikopo chako hakisafiri. Kwahiyo ngozi inavutwa pembeni ya kikopo kila mkono ukiinuka, mara mia kwa siku. Hiyo ndo "kinavuta" na "kinabana" unayoambiwa. Gundi ukiiongezea nguvu unazidisha tatizo, kwa sababu sasa haiachii, inang'ang'ania na ngozi ndo inalipa.

Kumbuka hesabu hii: ugumu wa kitu kupinda unakwenda kwa unene mara tatu, yaani unene kwa unene kwa unene. Ukipunguza unene nusu, ugumu unashuka mara nane. Ndo maana kundi la watafiti wa John Rogers pale Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, mwaka 2011 walipotoa ile saketi ya kubandika kama tattoo ya watoto hawakutumia maajabu, walichukua silikoni na metali zilezile wakazifanya nyembamba sana, na nyaya wakazichora zikipinda kama nyoka ili ngozi ikinyooka waya unakunjuka badala ya kukatika. Wewe una betri ya milimita 3.2, jina lake lenyewe linakwambia, 20 ni upana na 32 ni unene. Hapo unene wako umeshaamuliwa kabla hujaanza.

#4 Nesi_Zamu_ya_Usiku
Habari zenu. Mzee wa saketi nakuheshimu ila mgonjwa hajawahi kuniambia "nesi ugumu wa kupinda umezidi" 😂

Miaka yote nabandika elektrodi za ECG (kile kipimo cha umeme wa moyo) kwa watu. Zile zina jeli, zina klipu, laini kabisa, na bado watu wanazing'oa. Mimi naona vitu viwili. Kwanza jasho: ukifunika ngozi na kitu kisichopumua, maji yanayotoka kwenye ngozi kila saa (hata kama hutoki jasho la kuonekana) yanabaki chini, ngozi inalowa inakuwa nyeupe kama vidole vya mtu aliyefua kutwa. Ngozi iliyolowa inachubuka kwa urahisi. Pili, na hapa mleta uzi nijibu ukweli: kabla ya kubandika mliwanyoa?

#5 Mlezi_wa_Data
Wanaume wenye nywele kifuani ndio, tuliwanyoa. Wembe.

#6 Nesi_Zamu_ya_Usiku
Hahaha. Wembe, halafu siku ya tatu inawasha. Siku ya tatu ndo kinyweleo kinatoka kikiwa na ncha kali, chini ya gundi, hakina pa kwenda. Hapo hata ungembandika hariri angeivua. Nywele zinapunguzwa kwa mkasi au mashine, wembe achana nao, unaacha vimikwaruzo ambavyo huvioni na gundi inaingia humo.

Na kuvua je, mliwafundisha? Watu wanabandua kama wanafungua bahasha. Unatakiwa ukunje kingo, uvute taratibu ukilaza karibu sawa na ngozi, kufuata nywele zilikolala, huku kidole kingine kinashikilia ngozi nyuma. Ukiivuta juu kwa nguvu unaondoka na ngozi ya juu, na kesho ukibandika palepale unabandika kwenye kidonda.

#7 Kichwa_Maji
Mwaka mzima wa utafiti kumbe shida wembe. Uzi ufungwe.

#8 Mlezi_wa_Data
@Kichwa_Maji taratibu bwana, wanawake hatukuwanyoa na walivua vilevile. Tena wa kwanza kuvua alikuwa dada yangu.

#9 Binti_Pindo
Afadhali umesema kuhusu dada yako maana nilikuwa nasubiri mtu aulize. Vidole viwili chini ya mtulinga ndo mkanda wa sidiria unapita au unapoishia, inategemea mtu. Mkanda wa begi pia unapita hapo. Mkanda wa usalama wa gari pia. Mmechagua sehemu kwa kuangalia mchoro wa moyo, hamkuangalia mtu aliyevaa nguo.

Mimi ni fundi wa nguo za michezo, tuliwahi kushona fulana yenye nyuzi zilizopakwa fedha (madini ya fedha sio pesa) zinazogusa ubavuni kuchukua mapigo. Nikaambiwa na wahandisi elektrodi ikae hapa, nikawaambia hapo kuna mshono, wakasema sogeza mshono. Mshono hausogei hivyo jamani, ukisogeza mshono umebadilisha nguo. Mwisho tukafuma bila mshono kabisa, kitambaa kimoja cha mviringo. Raha ilikuja. Ila mkitaka kujua ukweli wa nguo: ikibana vizuri kipimo kizuri na mtu anapumua kwa shida, ukiilegeza mtu anafurahi na kipimo kinakuwa kelele tupu. Katikati ya hapo pana nafasi ya kama sentimita mbili za mzunguko, na kila mwili na sentimita zake.

Halafu elektrodi kavu ina kichekesho chake, dakika kumi za kwanza haisomi kitu, mtu akitoka jasho kidogo ndo inaanza kusoma vizuri. Jasho ambalo nesi analilaumu mimi nalisubiri.

#10 Mbio_za_Jioni
Mnajichosha na vibandiko, si wavae saa tu? Saa janja inapima mapigo, usingizi, hatua, kila kitu.

Japo yangu nayo ina vituko. Nakimbia taratibu kabisa, naongea na mwenzangu, inasema mapigo 172. Nikasimama nikajishika shingo nikahesabu, hayafiki hata 140. Nilidhani naumwa.

#11 Mzee_wa_Saketi
@Mbio_za_Jioni hesabu hatua zako kwa dakika, nakuhakikishia zipo 170 na kitu. Saa haina njia ya kusikia moyo, inamulika mwanga wa kijani kwenye ngozi na kuangalia mwanga unaorudi unavyopungua kila damu ikija. Ukiilegeza, kila hatua saa inaruka kidogo na mwanga unapungua kwa mdundo wa mguu. Mdundo wa mguu una nguvu kuliko wa damu, basi saa inafuata mguu.

Ipandishe vidole viwili juu ya kile kifupa cha kifundo, kaza kidogo ukiwa unakimbia.

#12 Mbio_za_Jioni
Nimejaribu jana. Imekaa 138 hadi 145 njia nzima. Ahsante mzee. Ila nimerudi na alama ya mkanda mkononi kama nilifungwa pingu.

#13 Nesi_Zamu_ya_Usiku
Ukimaliza kukimbia legeza. Shinikizo la damu kwenye vile vimishipa vidogo kabisa vya ngozi ni kama milimita 30 za zebaki hivi, haihitaji nguvu nyingi kuvifunga. Ukivifunga saa inakosa damu ya kuangalia na ngozi inakosa chakula, hasara mbili. Watu wengi wanaokuja na vipele vya saa sio aleji, ni sabuni na jasho vimekaa chini ya mkanda wiki nzima, saa haivuliwi hata bafuni.

#14 Swali_Gumu
Kuna jambo mnalikwepa. Hiyo mianga si inashindwa kwa watu weusi? Kuna utafiti wa 2020 Marekani ulisema hizi saa zinakosea kwa weusi karibu mara tatu zaidi.

#15 Kipimajoto
@Swali_Gumu utafiti upo ila umeuchanganya. Ule wa Desemba 2020 ulihusu vile vibanio vya kidoleni vya kupima oksijeni hospitalini, saa hazikuwemo. Kilichoonekana ni kwamba wagonjwa weusi ambao damu yao ilikuwa imeishiwa oksijeni, kibanio kikasema wako salama, kwa uwiano walikuwa karibu mara tatu ya weupe. Vile vinatumia mwanga mwekundu na ule usioonekana, kwa kanuni aliyoigundua Takuo Aoyagi kule Japani miaka ya 1970 mwanzoni. Saa nyingi mapigo zinapima kwa kijani.

Lakini swali lako ni la maana. Melanini, ile rangi nyeusi ya ngozi, inameza mwanga wa kijani zaidi ya mwekundu, kwahiyo kinachorudi ni kidogo. Saa inaweza kuongeza nguvu ya taa, betri inaisha haraka. Tattoo nayo vilevile, nina rafiki kachora mkono mzima, saa yake inamwambia hajaivaa.

#16 Swali_Gumu
Sawa nimekosea kifaa ila hoja inabaki. Raha ya mtu mmoja inakuwa mateso ya mwingine, maana mimi naambiwa nikaze zaidi ili isome, mwenzangu analegeza na inasoma.

#17 Kipimajoto
Hapo sina ubishi. Ndo maana wengine wanapenda pete, upande wa kiganja cha kidole damu ni nyingi na rangi ya ngozi ni nyepesi kwa karibu kila mtu. Ila vidole vinavimba usiku na kwenye joto, asubuhi pete haitoki. Kila sehemu ina adhabu yake.

#18 Mama_Sukari
Naomba na mimi niseme maana nalala na hivi vitu. Mwanangu ana kisukari aina ya kwanza, anavaa kile cha mkononi kinachosoma sukari kila dakika chache, kile chenye kiuzi chembamba kinaingia chini ya ngozi.

Miezi ya kwanza hakuna shida yoyote, nikawa nawasifia watengenezaji. Mwezi wa saba nikivua nakuta duara jekundu, limevimba, lina maji, saizi ileile ya gundi kama mtu kachora kwa bikari. Nikajua nimesafisha vibaya. Kumbe daktari wa ngozi akanieleza aleji ya gundi haiji siku ya kwanza, mwili unajifunza kwanza, unaweza kukaa miezi, siku ukishaijua basi kila ukibandika inawaka. Kwetu ilikuwa kemikali ya jamii ya akrileti. Kwahiyo mleta uzi, siku tatu haiwezi kuwa aleji mpya, labda kama hao ndugu zako walishakutana na gundi hiyo zamani.

La pili, usiku. Mtoto akilalia mkono wenye sensa, saa nane kengele inalia sukari imeshuka, nakimbia, nampima kidoleni, sukari iko sawa kabisa. Kakilalia tu, kile kimaji kati ya seli kimebanwa hakizunguki, sensa inaona sukari hakuna. Namgeuza, baada ya dakika chache namba zinapanda zenyewe. Sasa mkiongelea raha muongelee na raha ya mama, mimi sijalala usiku mzima bila kuamka tangu tuanze.

#19 Nesi_Zamu_ya_Usiku
Pole mama. Kuna wanaoweka kitu chembamba kati ya ngozi na gundi, ila kiulize kwa daktari wenu kwanza, vingine vinazuia kiuzi kuingia sawasawa.

#20 Mama_Sukari
Tumefika huko, tunatumia. Imepungua, haijaisha.

#21 Kichwa_Maji
Na nikeli je? Mke wangu akivaa hereni za bei rahisi masikio yanachuruzika. Kikopo cha mleta uzi kina skrubu?

#22 Kipimajoto
Swali zuri kwa mara ya kwanza leo. Ulaya wana sheria, kitu cha kukaa kwenye ngozi muda mrefu kisiachie nikeli zaidi ya mikrogramu 0.5 kwa sentimita mraba kwa wiki. Na mwaka 2014 kampuni ya Fitbit waliziondoa sokoni bangili zao za kupima mazoezi za Force, karibu milioni moja kwa Marekani peke yake, kwa sababu ya vipele. Maelezo yalikuwa hayohayo mawili tunayozunguka hapa, nikeli kwa wachache na kemikali za kuunganishia, jamii ya akrileti.

#23 Mlezi_wa_Data
Skrubu zipo mbili ila ziko upande wa juu, hazigusi ngozi. Elektrodi ni fedha na kloridi ya fedha, za kawaida.

Mnaniumiza kichwa kwa kweli. Nilikuja na jibu moja, sasa nina wembe, kikopo, jasho, mkanda wa sidiria na akrileti.

#24 Kijana_wa_Mzee
Ongezea na aibu.

Baba yangu ana miaka 78, alianguka mara mbili, tukamnunulia kile cha kuning'iniza shingoni chenye kitufe. Kila tukienda kakivaa. Siku moja nikaenda bila kusema, nikakuta kimefungwa kwenye nguzo ya kitanda. Akaniambia "mwanangu, nikikivaa wageni wananiongelesha kwa sauti kubwa kama mimi ni kiziwi". Hakikuwa kizito, hakikuwasha, hakikuvuta. Kilimtangaza.

Mleta uzi, kifaa chako kinaonekana kwa nje? Kina taa?

#25 Mlezi_wa_Data
... kina kataa ka bluu. Kanamulika kila sekunde tano kuonyesha kinafanya kazi.

#26 Binti_Pindo
Kila sekunde tano. Usiku. Kifuani.

#27 Kichwa_Maji
Dada yako alikuwa analala na mnara wa simu 😂😂

#28 Nipo_Nipo
Mume kaamka usiku kaona mke anawaka bluu na mnataka avae siku saba. Nimecheka mpaka nimeamsha watu.

#29 Chuma_cha_Zamani
Vijana mmezoea kudekezwa. Norman Holter miaka ya 1940 alimbebesha mtu mgongoni mtambo wa kurekodi moyo wa karibu kilo 38, na mtu akaendesha baiskeli ya mazoezi nao. Ninyi gramu kumi na mbili mnalia.

#30 Mzee_wa_Saketi
Ule ulibebwa kwa majaribio tu, hakuna aliyelala nao. Raha inapimwa usiku, mchana mtu ana mengi ya kumsahaulisha. Hata mkanda wa kifuani wa wakimbiaji, Polar wa Ufini walioutoa bila waya mwaka 1982, mpaka leo unaheshimika kwa usahihi na mpaka leo hakuna anayelala nao kwa hiari.

#31 Mbio_za_Jioni
Nje ya mada kidogo, hizi hatua elfu kumi nani alizipitisha? Saa inanigombeza kila jioni.

#32 Kipimajoto
Zilitokana na kifaa cha kuhesabu hatua cha Japani cha 1965, manpo-kei, jina lenyewe maana yake kipima hatua elfu kumi. Lilikuwa jina zuri la kuuzia. Na hata kuzihesabu kwenyewe kuna mushkeli, sukuma toroli mikono ikiwa imetulia uone saa ya mkononi inavyokuibia. Turudi kwenye mada.

#33 Mtaa_wa_Nano
Nimechelewa. Naona hamjagusa kitu muhimu, kitu kinachopumua. Takao Someya na wenzake Chuo Kikuu cha Tokyo walionyesha 2017 wavu wa dhahabu mwembamba kupita maelezo, wanapaka dhahabu juu ya nyuzi za plastiki inayoyeyuka kwa maji, unauweka kwenye ngozi, unapulizia maji, nyuzi zinayeyuka, dhahabu inabaki imelalia kwenye mistari ya ngozi. Hewa inapita, jasho linapita. Waliwabandika watu 20 kwa wiki moja na hawakuona ngozi kuvimba. Tatizo limetatuliwa, ni kungoja liingie sokoni tu.

#34 Mzee_wa_Saketi
Mtaa, betri iko wapi?

#35 Mtaa_wa_Nano
Betri na vifaa vingine vinakaa pembeni, vinaunganishwa kwa waya mwembamba.

#36 Mzee_wa_Saketi
Basi kikopo cha mleta uzi umekihamisha, hujakiondoa. Ngozi itapumua chini ya dhahabu na itawasha chini ya betri. Nami nakubali wazo, wavu ule ni kitu kizuri sana, ila usiseme limetatuliwa.

#37 Binti_Pindo
Hata mimi nimejiuliza, dhahabu nyembamba hivyo ukivaa fulana ukavua si inaondoka na fulana?

#38 Kijana_wa_Mzee
Mleta uzi, kabla hujanunua dhahabu fanya kitu cha bure. Wabandike watu gundi tupu upande mmoja, bila kikopo, na upande wa pili gundi na kikopo kisicho na kitu ndani, kisicho na taa. Usiwaambie kipi ni kipi cha maana. Uone wanavua kipi kwanza.

#39 Mlezi_wa_Data
Hilo limenikaa. Nipeni wiki mbili.

#40 Nesi_Zamu_ya_Usiku
Na wembe uutupe.

#41 Kichwa_Maji
Wiki mbili zimepita. Mleta uzi kabandikwa nini mdomoni?

#42 Mlezi_wa_Data
Nipo wakuu, nilikuwa nasubiri wa mwisho amalize.

Nilichofanya: mashine badala ya wembe, taa nimeizima kwa programu, kila mtu gundi tupu kulia, kikopo kisichopima kushoto. Nimewaomba wanipigie picha ngozi kila wakivua. Watu ni walewale, na wachache, kwahiyo msinichinje.

Gundi tupu: wawili walisahau kabisa kama wamebandikwa, mmoja kaenda nayo siku ya tisa. Lakini mwingine kavua gundi tupu siku ya PILI, kikopo akakiacha. Picha yake inaonyesha wekundu eneo zima la gundi, umejaa sawasawa. Huyo nahisi ngozi yake haitaki gundi ile, yaani hoja yangu.

Kikopo: wengi wamefika siku ya nne au ya tano badala ya tatu. Picha zao wekundu ni pete, ukingoni tu, katikati ngozi safi. Hiyo ni hoja ya mzee wa saketi na mwenzangu, nawasikia wakicheka. Ila mmoja kati ya hao pete yake iko upande wa juu tu, kama mwezi mchanga, na ni mwanamke anayebeba begi bega hilo.

Dada yangu kafika siku ya sita. Nikamuuliza mara hii imekuwaje, akasema "haikuwaka". Sijabadilisha kitu kingine kwake.

#43 Mzee_wa_Saketi
Pete ukingoni ni ugumu. Sitaki kuongea sana.

#44 Nesi_Zamu_ya_Usiku
Pete ukingoni ndipo pia uchafu, jasho na nyuzi za nguo zinapojikusanya na kingo zinapoinuka na kushuka. Usishangilie mapema mzee.

#45 Kijana_wa_Mzee
Na dada aliyefika siku sita kwa kuzimiwa taa tu mnamweka wapi?

#46 Swali_Gumu
Mleta uzi hizo picha za wekundu ni za ngozi gani? Kwangu mimi wekundu hauonekani, inakuwa nyeusi zaidi au inang'aa tu. Ukitafuta pete nyekundu utaniandika sina shida.

#47 Mlezi_wa_Data
Aisee. Wawili ni weusi sana na niliwaandika "safi". Narudi kuwauliza kwa mdomo na kuwashika pale kama pana joto au pamevimba.

#48 Mlezi_wa_Data
Wakuu kabla sijasahau, kuna kituko. Mama yangu naye nilimpa, yeye nilimpa kifaa kizima kinachopima maana aliomba mwenyewe. Siku ya tatu nikaona data inasema amelala mchana kutwa, siku ya nne amelala, siku ya tano amelala, moyo unadunda vizuri kabisa. Nikapanda gari mbio. Namkuta uani anafagia.

Kumbe kakitoa pale kifuani, kakihamishia ubavuni chini ya kwapa, na kakigeuza upande. Aksileromita inajua chini ni wapi kwa uzito wa dunia, sasa chini yake imegeuka ubavuni, programu inaamini mama kajilaza. Namuuliza mama mbona umehamisha, anasema kule mbele kilikuwa kinamgusa kidevu akiinama. Sisi hakuna hata mmoja aliyewahi kuinama nacho.

Leo ni siku ya kumi na moja bado anacho.

#49 Mzee_wa_Saketi
Siku kumi na moja?? Gundi yako haifiki huko. Kabandika na nini?

#50 Mlezi_wa_Data
Gundi yetu iliisha nguvu siku ya nne. Kachukua plasta ya kitambaa ya kawaida kutoka kwenye kisanduku cha huduma ya kwanza, kaikata mwenyewe kwa mkasi wa kushonea, kaibandika juu ya kikopo kama kofia. Anaibadilisha kila baada ya kuoga.

#51 Binti_Pindo
Kaikata duara au kaacha kona? Na ile plasta kaikata ikiwa inanyooka kwenda upande gani, juu na chini au mbele na nyuma? Muulize mama kabla hajaibadilisha tena, na tupigie picha.